Yah: Mashine ya kutafutia samaki inayoona samaki mezani, baharini haioni kitu

Meneja wa Duka,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni nahodha wa boti ya faiba hapa Tanga. Mashine hii niliinunua kwenu miezi 4 iliyopita, garantii ni ya mwaka mmoja na risiti ninayo.

Kosa langu naanza nalo mwenyewe, msije mkanirudishia. Mwanzoni kioo kilikuwa kinazimika kila nikipiga stata. Hilo lilikuwa la betri, stata inavuta moto wote. Nikaifungia mashine betri yake ya volti 12 na fyuzi yake, kikatulia.

Tatizo ni sona, yaani ule upimaji wa kina kwa mwangwi wa sauti. Namba ya kina inagota na kuwakawaka hata injini ikiwa imezimwa na boti imetulia, kwa hiyo si mapovu ya pangaboi. Juma lililopita kioo kiliandika mita 3.4, namba ileile tuliyotoka nayo gatini. Nikashusha chubwi, ile timazi ya kupimia kina kwa kamba: pima 12, yaani kama mita 22. Nimesugua kwa sabuni uso wa transdusa, kile kifaa cha chini ya boti kinachotuma sauti na kupokea mwangwi wake, nimesafisha pini za plagi, nimebadili masafa ya sauti kutoka kilohezi 200 hadi 83. Wapi! Mwisho jirani akaniazima transdusa yake, aina ileile. Nikaichomeka, palepale kioo kikachora chini ya bahari na miamba yake. Kumbe kioo ni kizima.

Nikapanda basi kuja kwenu. Fundi wenu akaiwasha mezani, transdusa ingali mfukoni mwangu, samaki wakaanza kupita kiooni, kina mita 9. "Mzee, mbona iko freshi?" Ndugu Meneja, mezani kwenu kuna maji ya mita 9? Ile ni programu ya maonyesho, mashine inajichezea picha zake. Nilipomwambia hivyo akaja na jingine: garantii haipo kwa sababu transdusa "imeingia maji". Kifaa cha kufungwa chini ya boti mlitaka kikae wapi?

Naomba transdusa mpya ndani ya siku 14, au fedha yangu. Mkitaka kupima tena, mpime baharini nami nikiwepo. Zikipita siku hizo, nakala ya barua hii na risiti naipeleka Tume ya Ushindani.

Transdusa mbovu naituma kwa basi la Jumatatu, nauli ya mzigo nimeshalipa.

Wenu,
Nahodha, Tanga