Sanduku la rangi umeliacha

Moshi, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Mama yako ameniambia jioni hii kwamba begi limeshafungwa na kupimwa, na sanduku la rangi halimo. Ati kilo 23 hazitoshi, halafu kozi yenyewe ni ya uhakiki wa sanaa, hakuna kuchora. Nimelifungua sanduku hapa mezani. Tyubu nane za mililita 37, brashi sita na kisu cha kuchanganyia rangi havifiki hata kilo mbili. Vitabu ulivyobeba vinazidi kilo saba, na London vitabu hivyo vimejaa maktabani. Nimeona nikuandikie, maana tukikaa uso kwa uso tutabishana tu.

Insha yako ya kwanza inamhusu Roger Fry, mhakiki na mchoraji wa Kiingereza. Umechagua vizuri, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Ila naomba umsome mzima. Wengi humsoma Fry wa kalamu wakamruka Fry wa brashi, na naona nawe umeanza hivyo.

Alizaliwa mwaka 1866, akasoma sayansi Cambridge na kufaulu kwa daraja la kwanza, kisha akaenda kujifunza uchoraji. Baba yake alikuwa jaji na hakupendezwa kabisa. (Siku ile ya fomu za chuo cha sanaa maneno yangu yalikuwa makali kuliko yalivyopaswa kuwa. Tuliache hapo.) Uhakiki ulimjia akiwa tayari anachora. Alishiriki kuanzisha jarida la Burlington Magazine mwaka 1903, akawa mtunzaji wa picha katika makumbusho ya Metropolitan, New York, kuanzia 1906, na kazi hiyo ikamponyoka 1910 baada ya kugombana na tajiri J. P. Morgan. Novemba ya mwaka huohuo alifungua maonyesho katika ukumbi wa Grafton, London, ya picha za wachoraji kama Cézanne, Gauguin na Van Gogh. Watu kama 25,000 waliingia, wengi wakacheka, wengine wakakasirika. Jina la kundi lile, wachoraji wa baada ya Impreshonisti, ni yeye aliyelitunga. Na katika mwezi uleule mkewe Helen, naye mchoraji, alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, asitoke tena. Watoto wawili wakabaki kwa Fry. Ukiandika juu ya 1910, hilo usilifanye tanbihi.

Sasa nikuonyeshe kwa nini nashikilia habari ya sanduku. Nenda kasri la Hampton Court ukaangalie picha tisa za Mantegna, mchoraji wa kale wa Italia, za ushindi wa Kaisari, kila moja karibu mita 2.7 kwa kila upande. Rangi zake zilifungwa kwa gundi juu ya kitambaa. Rangi ya gundi haing'ai, na inanyonya kama ukuta wa chokaa. Ukiipaka mafuta au vanishi, vinazama ndani, rangi inakuwa nyeusi, na kuvitoa bila kuing'oa rangi yenyewe ni kazi ngumu mno. Mafundi wa zamani walikwisha kuziharibu hivyo. Fry akapewa kuzikarabati, akapaka rangi yake juu ya ya Mantegna, na kazi ile ililaumiwa sana. Kati ya 1962 na 1974 zilibidi kusafishwa upya. Huyo ni mtu aliyesaga rangi kwa mkono wake, na bado alikosea. Mtu ambaye hajawahi kuona gundi ikinyonya mafuta ataandika nini mbele ya picha ile? Ataandika "giza la kuhuzunisha", kumbe ni vanishi.

Kwa hiyo chukua sanduku.

Kuna jambo lingine, na hili limeniuma tangu nililisoma. Mwaka 1920 Fry aliandika juu ya vinyago vya Afrika. Alivisifu kwa dhati, akasema baadhi yake vinashinda chochote cha namna hiyo ambacho Waingereza wamewahi kuchonga. Kisha akadai kwamba Mwafrika hakujenga utamaduni kama wa wengine kwa sababu alikosa uwezo wa kuhakiki na kulinganisha. Mkono alituachia, jicho akatunyima. Andika hilo bila woga, na uliandike ukiwa na rangi kwenye kucha.

Usiishie kumlaumu tu, kwa sababu kuna uzi unaotoka kwake mpaka mlimani kwetu. Mwaka 1913 alianzisha karakana ya Omega, ya samani na mapambo ya nyumba, Fitzroy Square namba 33, London. Wasanii hawakuweka majina yao kwenye kazi, waliweka alama ya Ω tu, wakifanya kazi siku tatu na nusu kwa wiki ili zilizobaki wachore picha zao. (Pima hapo: hata alipowaajiri, aliwalindia siku za kuchora.) Samani nyingine ziliachia viungo, na 1919 karakana ikafungwa. Lakini 1917 mwalimu Marion Richardson alimletea michoro ya wanafunzi wake wa mji wa Dudley, Uingereza, naye akaionyesha palepale. Mwalimu yule alikuwa akiisimulia picha kwa maneno, watoto wakafumba macho, kisha wakachora walichokiona kichwani. Margaret Trowell alisoma kwa Richardson huyo, akaja kuanzisha mafunzo ya sanaa Makerere. Humo ndimo alimopita Sam Ntiro wa Machame, ambaye picha yake ya watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Humo ndimo alimopita pia mchoraji Elimo Njau. Ntiro alichora, akafundisha, akawa balozi wetu London, na brashi hakuiweka chini.

Ya chumbani kwako. Tapentaini ya kuyeyushia rangi usiibebe, ndege hawaikubali, na katika chumba cha dirisha dogo itakuumiza kichwa. Safisha brashi kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu. Tambaa lenye mafuta ya linsidi usilifinyange ukalitupa kwenye pipa. Linapata joto lenyewe mpaka linawaka. Litandaze likauke, au liloweke. Nunua hadibodi, ikate sentimita 30 kwa 40, piga msasa, paka praima, ile rangi ya msingi, mikono miwili mbele na mkono mmoja nyuma, la sivyo itapinda. Tabaka la kwanza liwe na mafuta kidogo, la juu mafuta mengi. Ukigeuza, juu patakauka kabla ya chini na picha itapasuka. Picha moja kwa wiki inatosha. Katika makumbusho ya Courtauld kuna picha ambayo Fry alimchora Nina Hamnett, msanii wa Omega, mwaka 1917. Kaa mbele yake nusu saa, uichore kwa penseli kabla hujaandika neno. Fry alichora mpaka uzeeni, akafa 1934 baada ya kuanguka nyumbani, huku akijua kwamba watu wanamsifu kwa maandishi na picha zake wanazipita.

Mdogo wako ada yake nimelipa nusu, usimtumie kitu. Ng'ombe amezaa dume. Bati la jikoni linavuja palepale, fundi kaahidi Jumatano. Mama yako anajifanya hana wasiwasi, mpigie simu ukifika hata kama ni usiku wa manane.

Gari la kwenda uwanja wa ndege wa KIA litakuja saa kumi alfajiri. Sanduku nimelitia kwenye begi, katikati ya masweta. Kile kitabu kinene cha jalada la bluu nimekirudisha kabatini.

Baba yako