Ukiagiza “tap” ya nusu inchi, unataka kifaa gani?

Ujumbe unaotufikia sana kwa WhatsApp ni huu: “Habari za kazi, nahitaji tap ya nusu inchi, bei gani?” Mwenye kuuliza ana haraka. Gari liko juu ya jeki, au maji yanamwagika, na anasubiri tutaje bei. Sisi tunamrudishia swali, na wapo wanaochukia. Tunaelewa. Lakini dukani kwetu kuna vitu vinne ambavyo mtu anaweza kuviita “tap ya nusu inchi”, na hakuna hata kimoja kinachoweza kufanya kazi ya kingine.

Cha kwanza ni koki ya maji, ile ya kwenye sinki au ya uani. Hapa Dar tunasema koki au bomba, ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi wanasema mfereji, Mwingereza anasema “tap” na Mmarekani anasema “faucet”. Cha pili ni tapu ya kukatia thredi (yale meno ya mzunguko ambayo bolti na nati hushikana kwayo) ya bolti ya nusu inchi. Cha tatu ni tapu ya kukatia thredi ya paipu ya nusu inchi, ambayo ukiilaza kando ya ile ya bolti utaona ni nene kuliko mwenzake kwa mbali. Cha nne ni tepu nyeupe ya kuzungushia thredi za mabomba. Upana wake uliozoeleka ni nusu inchi, na katika simu iliyojaa makelele ya gereji, “tap” na “tape” yanasikika neno moja.

Anayeumia hapo mara nyingi si fundi bali ni kijana aliyetumwa. Amepewa hela na jina la kitu, amepanda daladala kutoka Mbagala au Kibaha, anarudi na kitu kisicho chenyewe, na anaonekana mzembe. Wateja wa mikoani ndio zaidi: kifurushi kinapanda basi hadi Songea, kinafunguliwa, kumbe ni kingine, kinapanda basi kurudi, na huku kazi ya watu imelala siku kadhaa. Ndiyo maana tumeona tuyaandike maneno haya mahali pamoja, yale yanayofanana kwa sauti na yale yanayoandikwa sawa lakini yana kazi tofauti.

Tapu ya thredi ni ipi

Ni kipande cha chuma kigumu, mfano wa bolti isiyo na kichwa, chenye meno makali yaliyopasuliwa na mifereji mitatu au minne kwenda juu. Mifereji hiyo ndiyo inayotoa nafasi ya chembe za chuma kutoka. Nyuma kina pembe nne za kushikwa na mpini. Unatoboa tundu kwa drili, unaingiza tapu, unazungusha, na tundu linabaki na thredi ndani yake ili bolti iweze kufungwa. Mwenzake anayekata thredi kwa nje, juu ya fito ya chuma au bolti, anaitwa “die”, na mafundi wetu humwita dai. Kwa hiyo tapu hukata ndani na dai hukata nje. Ukilishika hilo moja, nusu ya utata umekwisha.

Dai nalo lina mapacha wake. Linalosikika sawa kabisa ni “dye”, yaani rangi ya kutilia nguo. Watu wengi huandika “tap and dye” wanapotafuta seti kwenye simu, na kwa kuwa hapa kwetu “tie and dye” ni kazi kubwa ya kina mama wa batiki, majibu yanayokuja ni vitambaa na pakiti za rangi. Andika “tap and die set”. Viwandani nako “die” ni kalibu ya kubania bati au kumiminia plastiki, na hiyo hatuuzi.

Taper, tape na plug

Hapa ndipo penye hatari zaidi, kwa sababu maneno matatu yanakutana juu ya kazi moja.

Tapu za mkono huuzwa tatu kwa pamoja za saizi ileile. Zinatofautiana mbele, kwenye mchongoko. Ya kwanza imechongoka sana, meno kama saba hadi kumi ya mwanzo yamepunguzwa ili iingie tundu kwa ulaini na kukaa wima. Ya pili imechongoka meno matatu hadi matano. Ya tatu imechongoka jino moja au mawili tu, nayo ndiyo ya kufikisha thredi hadi chini katika tundu lisilotokea upande wa pili.

Ile ya kwanza kwa Kiingereza inaitwa “taper tap”. Neno “taper” ni la kitu kinachopungua unene kuelekea nchani, na asili yake ni mshumaa mwembamba. Linatamkwa karibu sana na “tape”. Sasa fikiria fundi bomba anayekwambia kwa simu: lete “taper” ya nusu. Huenda anataka tapu ya kuanzia, huenda anataka tapu ya paipu yenye thredi ya mchongoko, huenda anataka tepu nyeupe. Na kazi zenyewe zinafuatana: thredi ya mchongoko ya paipu ndiyo hiyohiyo inayozungushiwa tepu ili maji yasivuje. Kwa fundi magari neno hilo linaweza kuwa bearing za “taper”, zile za roli zilizolala upande, kwenye habu ya gurudumu. Bearing hizo hazihusiani na thredi hata kidogo.

“Plug” ni baya zaidi, kwa sababu Waingereza na Wamarekani wenyewe hawaelewani. Katika seti ya Kiingereza majina ni “taper”, “second”, “plug”: hapo “plug” ni ya tatu, ya kumalizia chini. Katika seti ya Kimarekani majina ni “taper”, “plug”, “bottoming”: hapo “plug” ni ya pili. Anayefuata video ya Marekani akaja kununua “plug tap” kwenye boksi lenye majina ya Kiingereza atapewa ya tatu, ataianza nayo kwenye tundu tupu, itakataa kushika au itaingia upande. Fundi atasema tapu ni feki. Tapu si feki, jina ndilo limehama. Usisahau pia kwamba “plug” ni plagi ya kuwashia injini, ni plagi ya umeme ya ukutani, na ni bolti ya kumwagia oili chini ya sampu, yaani bakuli la oili la injini.

Kwa hiyo sisi tunashauri uache majina, utumie namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Seti nyingi za mfumo wa Ujerumani, DIN 352, zina alama za pete kwenye shina. Yenye pete moja ni ya kwanza, yenye pete mbili ni ya pili, isiyo na pete ni ya tatu. Na hizo zina jambo moja la kuzingatia: kila moja inakata sehemu tu ya kina cha thredi, na ni ile ya tatu inayofikisha saizi kamili. Ukiishia ya pili kwa kuona bolti inaanza kushika, utailazimisha bolti na kuiharibu. Tapu za mfumo mwingine zote tatu zina unene uleule na zinatofautiana mchongoko tu, kwa hiyo tundu lililotokea upande wa pili unaweza kulimaliza kwa ya kwanza peke yake. Uliza kabla ya kuondoka dukani seti yako ni ya aina gani.

Nusu inchi ya nani?

Mteja akishatuambia ni tapu ya thredi, kazi bado. Bolti ya nusu inchi ina unene wa milimita 12.7. Paipu ya nusu inchi, kwa nje kwenye thredi, ina karibu milimita 21. Sababu ni kwamba saizi za paipu zilianza kwa kuhesabu tundu la ndani linalopitisha maji, si unene wa nje. Anayepima koki yake kwa rula akaona 21 akaja kuomba tapu ya milimita 21 hatapata kinachofunga, na tunamwelewa, maana kupima kapima sawasawa.

Bolti yenyewe ya nusu inchi iko ya aina mbili za thredi nene. Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza thredi zote ziwe na pembe ya nyuzi 55, na ya nusu inchi ina meno 12 kwa kila inchi. Mwaka 1864 William Sellers kule Philadelphia akapendekeza nyuzi 60, na kutoka huko ukaja mfumo wa Marekani ambao nusu inchi yake, UNC, ina meno 13. Saizi nyingine nyingi za mifumo hiyo miwili zina idadi sawa ya meno, ila nusu inchi hapana. Nati ya meno 13 juu ya bolti ya meno 12 itazunguka kidogo kisha ikabana, na kijana mwenye nguvu ataimalizia kwa spana ndefu na kuikata.

Kwenye paipu, sisi Afrika Mashariki tulirithi thredi ya Kiingereza, BSP. Mashine za Marekani, hasa kompresa na baadhi ya pampu, huja na NPT, thredi ya paipu ya Kimarekani. Nusu inchi ya zote mbili ina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaanza kufungana vizuri kabisa. Tatizo linaonekana baadaye, pembe za meno hazilingani na inavuja hata uzungushe tepu nene namna gani. Ukiona fitingi inavuja kila unapoifunga upya, acha kununua tepu. Lete fitingi tuipime.

Magari yetu mengi ni ya Japani, na huko inchi haipo, ni milimita. Bado neno moja halitoshi. M10 iko ya 1.5, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye bolti za dukani, na iko ya 1.25, ambayo imejaa kwenye injini za Kijapani. Namba ya kwanza, ile inayofuata M, ni unene wa bolti kwa milimita, na namba ya pili ni umbali kati ya jino na jino. Kiingereza inaitwa “pitch”, neno ambalo pia ni uwanja wa mpira na pia ni lami, kwa hiyo usishangae tafsiri ya simu ikikuletea mambo ya ajabu. Bolti ya kumwagia oili ya Toyota nyingi ni M12 ya 1.25, wakati stadi za magurudumu ya gari hilohilo ni M12 ya 1.5. Zote ni “12” na zote ni za Toyota, lakini tapu ni mbili tofauti.

Ukishaijua namba hiyo ya pili, unapata bure saizi ya drili: toa namba ya pili kutoka ya kwanza, kisha chukua drili iliyo karibu na jibu. M10 ya 1.5, toboa kwa 8.5. M10 ya 1.25, toboa kwa 8.8. M8 ya 1.25, toboa kwa 6.8. M6 ya 1, toboa kwa 5. Mafundi wengi wanaovunja tapu huwa wametoboa tundu dogo mno wakidhani thredi itakuwa imara zaidi. Tumia mafuta ya kukatia, zungusha mbele nusu duara, rudi nyuma kidogo ili chembe ikatike, kisha endelea. Kwenye aluminiamu mafuta ya taa yanafaa sana.

Namna ya kutuagizia

Tuambie kazi kabla ya jina. “Nataka kufufua thredi ya bolti ya oili kwenye sampu ya Toyota” inatusaidia kuliko neno lolote la Kiingereza. Kisha tuambie thredi iko ndani ya tundu au nje ya fito. Kisha tuma picha ya bolti yenyewe kando ya rula, kwa karibu, meno yaonekane. Kama unaweza kuhesabu meno yaliyomo ndani ya sentimita moja, tuandikie idadi hiyo.

Ukiweza, njoo na bolti yenyewe au umpe kijana unayemtuma. Tuna vanie ya kupimia unene na geji za kupimia meno ya thredi kaunta, tunapima bila malipo hata kama hununui kwetu, na tunaandika saizi kwenye karatasi ili abaki nayo gereji.

Tapu ambayo haijagusa chuma tunaibadilisha ndani ya wiki moja, ukija na risiti na mafuta yake ya kiwandani yakiwa bado juu yake. Iliyokwisha kutumika hatuirudishi rafuni kwa namna yoyote. Ikichubuka jino moja, fundi atakayeinunua baada yako itamkatikia ndani ya tundu, na tapu ni ngumu kiasi kwamba drili ya kawaida haiwezi kuitoboa ili itoke.