Mashine ya Mzee imezimika

Tanga,
Novemba 2025

Ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto wote. Sisi huku ni wazima kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Bi Mkubwa anakusalimu sana, na ananiagiza nikuulize kama yule kijana wa Mabibo bado ana kiburi chake kilekile. Ukimya wangu wa tangu Idi usiutafsiri vibaya, maana shule imetubana, na sasa limetokea jambo ambalo haliwezi kungoja tena.

Ile kompyuta ya sebuleni, aliyoiacha Mzee, imekufa. Ndiyo sababu unausoma mwandiko wangu badala ya karatasi iliyochapwa, na ndiyo sababu Mwanaidi, pamoja na barua hii, atakukabidhi kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha sponji na khanga kuukuu. Ndani yake mna diski ya mashine hiyo. Tafadhali usiiweke juu ya spika, wala usiwaachie watoto waichezee.

Ilikuwa magharibi, umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, stebilaiza ikagongagonga, kisha sebule nzima ikanuka kuungua. Nilimwita fundi wetu wa Ngamiani, akaifungua palepale mezani mbele ya watoto. Salehe, ungecheka: vumbi la kutosha kupanda mchicha, na mayai mawili ya mjusi yamelala salama kando ya feni. Lakini alipoimulika mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, kwa tochi ya simu, hakuna aliyecheka tena. Kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme vilivyoizunguka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ambazo vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa, zilikuwa zimetuna kama maandazi, na mojawapo ilikuwa imetoa utomvu wa kahawia ulioganda chini yake. Alinieleza kwamba huo ni ugonjwa unaojulikana wa mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo kapasita zake zilitiwa majimaji yasiyofaa, na kwamba hii yetu imeishi kuliko wenzake wengi. Akajaribu pawa saplai nyingine, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Alipokataa hata pesa ya kuifungulia, nikaelewa kwamba mambo yamekwisha.

Sasa nije kwenye ombi la kwanza, kisha nije kwenye lile linaloninyima usingizi.

Ndani ya diski hiyo umo mswada wa Mzee wa kumbukumbu za mkonge, kuanzia miche aliyoileta Mjerumani Hindorf mwaka 1893 hadi utaifishaji wa mashamba mwaka 1967, pamoja na yale aliyoyaona yeye mwenyewe akiwa karani. Nakala ya karatasi tunayo, ila sura ya utaifishaji mchwa wameifanyia utaifishaji wao. Diski yenyewe ni nzima, fundi aliisikiliza ikizunguka bila kugonga. Shida ni kwamba ni ya zamani, ile ya waya mpana wa utepe wenye matundu 40, na mashine za sasa hazina mahali pa kuichomeka. Naomba unitafutie Kariakoo adapta ya kuiunganisha kwa USB, nawe uhakikishe kwamba adapta hiyo ina chanzo chake cha umeme, kwa sababu diski ya ukubwa huu inataka volti 12 ili izunguke, na tundu la USB hutoa 5 tu. Ukiichomeka na Windows ikakuuliza kama unataka kuifomati, yaani kuifuta ianze upya, jibu hapana, hata ikikuuliza kwa upole namna gani. Nakili kila kitu kwanza, ndipo uanze kufungua faili.

Mzee, kama unavyokumbuka, hakupenda Word. Kila kitu alikipanga kwa PageMaker, programu ya kupanga kurasa, ambayo toleo lake la mwisho, la 7.0, lilitoka mwaka 2001, na aliifanyia kazi ndani ya Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Sisi hatukujali, kwa kuwa mashine haikuwa ikiunganishwa na intaneti, nayo ilifungua faili zake na kuchapa kama kawaida. Leo faili hizo hazina wa kuzifungua kirahisi. Nimesoma kwamba LibreOffice, programu ya kazi za ofisi ambayo hailipiwi, inaweza kuziingiza faili za PageMaker, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kuvurugika. Mpangilio nitaurudishia mwenyewe. Maneno yakipatikana, nimeridhika.

Kwa hiyo uelewe kwamba ninaponunua mashine mpya natafuta pia nyumba ya mswada huo, na hapo ndipo kila mtu amejaa ushauri. Mpwa wangu anataka ninunue laptopu. Mwalimu mkuu anasema simu yangu inatosha, yeye ambaye humwita karani amfungulie barua pepe. Mimi nimeshikilia kwamba nyumba hii itapata tena kompyuta ya mezani. Laptopu ina mwenyewe: Rehema akienda chuo mwakani itaondoka naye, na Mama Rehema, anayechapa kazi za watu jioni, atabaki na kibodi ya mawazo. Ile ya mezani haiendi popote, kila mtu anamwona mwenzake anafanya nini, na ikiugua hufunguliwa kwa skrubu chache, ikaongezwa RAM, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, au ikabadilishwa diski hapahapa Tanga. Laptopu nyingi za siku hizi RAM yake imechomelewa kwenye bodi moja kwa moja. Ikiharibika umeharibikiwa na vyote.

Katika hilo sitarudi nyuma. Linaloninyima usingizi ni kizazi cha prosesa.

Kuna muuzaji hapa mjini mwenye mashine za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani, safi, zinang'aa. Amenionyesha mbili. Ya kwanza ni Dell OptiPlex 3050 yenye prosesa ya i5-7500, kwa shilingi 380,000. Ya pili ni OptiPlex 3060 yenye i5-8500, kwa shilingi 560,000. Kwa macho ni mapacha. Tofauti yake, mbali na kwamba ya pili ina viini sita na ya kwanza vinne, ni ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari: moja ni ya kizazi cha 7 na nyingine ni ya kizazi cha 8, na Microsoft imechora mstari wa Windows 11 katikati yao kabisa. Kizazi cha 8 na kuendelea wanaruhusiwa. Cha 7, isipokuwa prosesa chache sana, hawaruhusiwi, hata kama mashine ina chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayodaiwa. Na Windows 10, kama ulivyosikia, ilifikia kikomo cha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba mwaka huu, ila kwa wale wanaojiandikisha kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026.

Nadhani ndiyo maana hizo za kizazi cha 7 zimeshuka bei: maofisi ya wenzetu yanazitoa kwa wingi si kwa kuwa zimechoka, bali kwa kuwa zimefungiwa mlango. Mashine iliyotengenezwa kufanya kazi ya ofisi siku nzima itashindwaje kuchapa mitihani ya kidato cha pili? Basi hapo nasema nichukue ya 380,000, niongeze diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, niweke Linux Mint, mfumo usiolipiwa unaokaa mahali pa Windows, nimalize. Kisha namfikiria Mama Rehema. Wateja wake wanaleta kazi za Word zenye majedwali na mihuri, na jedwali likisogea nusu sentimita wanagombana naye yeye, hawagombani na Microsoft. Hapo narudi kwenye ya 560,000. Kisha nakumbuka ada ya Januari, narudi tena kwenye ya kwanza. Ndivyo ninavyoishi, ndugu yangu.

Muuzaji mwenyewe anasema nisijisumbue, kwani hata ile ya kizazi cha 7 ameshaiwekea Windows 11, na kweli nimeiona ikiwaka nayo. Nilipomuuliza aliiwekaje, akatabasamu. Najua kuna programu zinazoruka ule ukaguzi wakati wa kuweka, lakini Microsoft yenyewe imesema mashine za namna hiyo hazina hakikisho la kupata masasisho, na mimi sipendi kumlipa mtu kwa kitu ambacho kinaweza kunyimwa chakula siku yoyote bila taarifa. Angeniambia tu kwamba ni ya kizazi cha 7 na bei ndiyo hiyo, ningemheshimu zaidi.

Ndiyo maana nataka unitazamie huko Kariakoo kabla sijampa pesa huyu wa hapa. Stika ya mbele usiiamini, maana stika hununuliwa. Washa mashine, ingia kwenye mipangilio, usome jina la prosesa lenyewe. Kama ina SSD, tazama afya yake na saa ilizofanya kazi kwa CrystalDiskInfo, ambayo unaweza kuibeba kwenye flashi. Geuza nyuma usome lebo ya pawa saplai: iwe imeandikwa volti 100 hadi 240, na kama ni ya zamani yenye kile kiswichi chekundu, hakikisha hakijaachwa kwenye 115 ya Marekani, kwa sababu umeme wetu wa 230 utaiua mara ya kwanza inapowashwa.

Na hiyo pawa saplai imenifungulia mashaka mengine. Nilijisifu hapo juu kwamba kompyuta ya mezani inatengenezeka popote, lakini fundi ameniambia kwamba nyingi kati ya hizi za maofisini hutumia pawa saplai za umbo na plagi zake zenyewe, hivyo ile ya kawaida ya dukani haiingii. Ikiungua Tanga, nitaisubiri kutoka kwenu. Kwa hiyo, ukipata ya kizazi cha 8 yenye kasha la kawaida linalokubali pawa saplai yoyote, hata kama si maridadi na kona yake imekwaruzika, mimi nitaipenda kuliko hizo mapacha zinazong'aa. Ikizidi 560,000, niambie kwanza. Ikiwa tofauti kati ya vizazi huko kwenu ni ndogo kuliko hapa, basi nimeshaamua, nachukua cha 8. Ikiwa ni kubwa vilevile... hapo ndipo nataka kauli yako.

Niambie basi: wewe ungechukua ipi, kama mkeo ndiye angeitumia kila jioni? Lile Linux Mint uliloliweka kwenye mashine ya ofisi yenu, printa ililikubali? Majedwali ya Word yalitulia au yalihamahama? Dhamana wanatoa ya muda gani huko, na risiti ya EFD wanatoa bila kununa? Ile UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, uliyonunua mwaka jana bado inashika chaji, au ndiyo kwanza imekuwa kigoda? Na mswada, ukifunguka, unaweza kunitumia ile sura ya utaifishaji mapema, kwa simu, hata kabla ya kununua chochote?

Mwanaidi atarudi kwa basi la Jumapili asubuhi. Adapta anaweza kuibeba, lakini diski usimpe mpaka uwe umehakikisha nakala inafunguka kwenye mashine nyingine isiyo yako. Pesa ya adapta nitakutumia kwa simu ukishanitajia bei.

Wasalaam,
Ndugu yako Hamisi