RISALA YA KIKUNDI CHA WACHAPAJI PICHA KWA MGENI RASMI, UFUNGUZI WA MAONYESHO YA PICHA ZA WAFANYAKAZI, MEI MOSI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa, wageni waalikwa, na ninyi wachukuzi, mama lishe na wagonga kokoto ambao sura zenu zimo ukutani humu,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu.

Mheshimiwa, picha hizi zimechapwa kwa lino, tandiko la sakafu lenye unene wa milimita 3 hivi. Mchoro huhamishiwa juu yake ukiwa umegeuzwa. Ukisahau, maandishi ya gunia yatasomeka kinyumenyume. Lino huanikwa juani kidogo lilainike, kisha huchongwa kwa patasi ndogo, mkono wa pili ukikaa nyuma ya ncha. Palipochongwa hutoka peupe, palipobaki hushika wino. Wino hutandazwa kwa rola juu ya kioo, mwembamba. Ukizidi, hujaza mifereji na mikunjo ya vidole hupotea, na katika picha ya kazi vidole ndivyo vyenye habari. Karatasi hulazwa juu na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko, kutoka katikati kwenda pembeni. Kwa unyevu wa pwani, wino wa mafuta huchukua siku kadhaa kukauka. Kila kibao cha lino hutoa nakala 20, zenye namba na saini ya penseli.

Sanaa ya kuonyesha wafanyakazi ina wakubwa wake, ingawa si wote waliotumia lino. Käthe Kollwitz wa Ujerumani alichapa picha sita za uasi wa wafumaji kati ya 1893 na 1897. Hapa kwetu, Sam Ntiro alichora kwa rangi wanakijiji wa Kilimanjaro wakiwa kazini.

Mheshimiwa, kukosea namna kazi inavyofanyika ni kumdharau anayeifanya. Gunia la kilo 100 hukaa mabegani na nyuma ya shingo, kichwa kimeinama, magoti yamelegea kidogo. Ukimchora mchukuzi amesimama wima anatabasamu, umemnyang'anya uzito alioubeba. Mgonga kokoto naye hulizungushia jiwe pete ya mpira, vipande visimrukie usoni. Pete hiyo isipoonekana, ujuzi wake umefutwa. Ndiyo maana mchoro hurudishwa kwa mwenye kazi aukosoe kabla patasi haijagusa lino. Na mwenye kazi huyo hulipwa theluthi ya bei ya kila nakala inayouzwa, kwani saa za kuchorwa ni saa alizoacha mzigo.

Changamoto kubwa ni kukosa mashine ya kuchapia. Kijiko hakiwezi karatasi kubwa. Weusi hutoka na madoa. Tena tandiko linalouzwa madukani kwa jina la lino mara nyingi ni plastiki, na patasi huteleza.

Tunakuomba utusaidie kupata mashine moja ya kuchapia ya rola, na utufikishie kwa halmashauri ombi la ukuta mmoja ndani ya soko, picha hizi zionekane na wenyewe bila kiingilio.

Tunaomba kuwasilisha.