Besi Yako ya Mwaka 1966

Lindi

Kaka yangu Baba Zawadi,

Salaam nyingi kutoka huku kusini. Sote tu wazima, na watoto wamerudi shule. Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nimesimama mlangoni, mara ya pili usiku, baada ya mazoezi ya kwaya. Umeandika kwa uchungu. Unasema Fender, wale watengenezaji wa magita wa Marekani, wamekudhulumu kwa kuitoa upya Jazz Bass, gita lao la besi, ya mwaka 1966, kwamba besi uliyoinunua kwa mjane wa yule mpigaji wa hotelini, ukailipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na moja, sasa mtu yeyote mwenye fedha anaikuta dukani ikiwa mpya. Kisha ukaniomba nisikufiche: je, ni haki mtengenezaji kurudia kazi yake ya zamani?

Sikufichi. Naona ni haki yao, tena naona ni wajibu wao. Mimi ninachogombana nacho ni namna wanavyofanya, na nitakueleza.

Umeandika kwamba chombo cha zamani ni kama mzee wa ukoo, hatengenezwi mwingine. Kwa besi yako wewe, ni kweli. Jasho la yule marehemu limeingia kwenye ubao, na hakuna kiwanda kitakacholirudisha. Lakini vipimo vya shingo, mahali zilipokaa pikapu, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, unene wa mbao, hivyo ni kama mshono wa kanzu. Fundi aliyemshonea baba yako akikushonea wewe kwa mshono ule ule, kanzu ya baba inabaki kuwa ya baba. Mshono ukifa na fundi wake, hasara ni ya wote.

Na mshono huu ulikaribia kufa, kaka. Mwanzilishi wao, Bwana Leo Fender, aliliuzia shirika la utangazaji la CBS kampuni yake Januari 1965 kwa dola milioni 13. Yako ilitoka kiwandani mwaka mmoja tu baadaye, mikono mingi ya wafanyakazi bado ni ile ile ya mwanzo. Miaka ya 1970 ilipofika, wapigaji wengi walikuwa wakitafuta vyombo vya kabla ya mauzo hayo na kuviacha vipya dukani. Mwaka 1982 kampuni yenyewe ikatoa marudio: Precision, ile aina nyingine ya besi yao, ya 1957 na ya 1962, na Jazz ya 1962. Ebu fikiria uzito wa jambo hilo. Kampuni inasimama mbele ya wateja wake na kukubali kwamba kazi ya miaka ishirini nyuma ndiyo waliyopaswa kuishika. Mimi naliheshimu sana. Mwaka 1985, CBS ilipomwuzia mkuu wa Fender, Bill Schultz, na wenzake kampuni hiyo, kiwanda chake cha Fullerton, California, hakikuwamo kwenye mauzo, na kwa muda vyombo vingi vyenye jina la Fender vilikuwa vinatoka Japani. Kama vipimo vya zamani visingekuwa vimefufuliwa mapema, sijui nani angekuwa anavikumbuka baada ya misukosuko ile.

Kuna vitu ambavyo sisi wapigaji tulivitupa bila kujua vina kazi gani. Unakumbuka lile bamba la chuma lililokuwa linafunika daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, kwenye Precision za zamani? Kila mtu alikuwa analing'oa kwa sababu linazuia kiganja. Ndani yake kulikuwa na kipande cha sponji kilichogusa nyuzi na kuzifupisha sauti. Ukisikiliza rekodi za Motown, ile kampuni ya muziki ya Marekani, ule mlio wa mpigaji besi wao James Jamerson, mnene, mfupi, unaodunda kama moyo, ulitoka kwenye Precision ya 1962 yenye sponji na nyuzi nene bapa ambazo hakupenda kuzibadilisha. Besi yake iliibwa siku chache kabla hajafariki mwaka 1983. Hakuna wa kuishika leo na kujifunza. Mimi nilikuja kuelewa siri ile nilipoiona Precision ya marudio ikiwa na bamba lake na sponji yake mahali pake. Usiku ule ule nilikata kipande cha sponji ya godoro la zamani, nikakichomeka chini ya nyuzi karibu na daraja, nikapiga wimbo wa Jumapili. Mama watoto alitoka jikoni kuuliza nimenunua besi gani. Miaka ishirini na mbili ninapiga, na nilikuwa sijawahi kusikia nyuzi zangu zikisema hivyo.

Sasa nikupe sababu yangu nyingine, ambayo sikuwahi kukuandikia kwa sababu ilikuwa inaniuma. Kabla hujahamia Nairobi, unakumbuka niliuza ile pikipiki? Niliiuza kununua Jazz ambayo muuzaji aliapa ni ya mwaka 1965. Rangi imechakaa vizuri, shingo ina harufu ya uzee. Baadaye nilichukua bisibisi, nikafungua bamba, nikasoma namba zilizogongwa kwenye vidhibiti vya sauti. Kwenye zile za wakati huo, namba 137 mwanzoni ni za kiwanda cha CTS, 304 ni za Stackpole, halafu hufuata mwaka na wiki. Changu kimoja kilisema 1974, kingine hakikuwa na namba kabisa. Nikaivua shingo: chini yake pamepigwa msasa, tarehe imefutwa. Nilikuwa nimenunua mizoga ya magita matatu iliyofungwa kwa skrubu. Siku hiyo ningepewa marudio ya halali, yenye namba inayoanza na herufi V kama walivyokuwa wakiandika kwenye yale ya tangu 1982, ningeshukuru. Herufi ile moja ni ukweli. Inasema: mimi ni mtoto, baba yangu ni yule.

Unaogopa bei ya yako itaanguka. Haitaanguka. Jazz ya 1962 imekuwa ikirudiwa kwa zaidi ya miaka arobaini, na zile za 1962 zenyewe bado bei yake ni ya kumfanya mtu auze kiwanja. Wanaotafuta mbao za wakati ule wataendelea kuzitafuta. Wanaotaka kupiga tu ndio watakaopata nafuu. Na nikuulize kwa upendo, tangu lini wewe ukaanza kuhesabu besi yako kama shamba? Uliponionyesha mara ya kwanza, ulisema umeinunua kwa sababu ilipoguswa ilikujibu.

Nakuja kwenye ugomvi wangu nao.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 wanauza vyombo vipya vilivyochubuliwa makusudi. Fundi anakwangua rangi mahali mkono ungepita, anatia kutu kwenye skrubu, anaunguza kichwa cha gita kama vile mtu alichomeka sigara pale kwa miaka thelathini. Kuna watu nawaheshimu wanaozipenda, wanasema shingo iliyokwanguliwa inateleza vizuri mkononi, na kwenye hilo la shingo wana haki. Lakini makovu ya mtu ambaye hajawahi kuwepo siyataki. Yule marehemu wako alipiga sherehe na sherehe mpaka vanishi ikaisha pale dole gumba lilipopumzika. Kuuza alama hiyo bila maisha yake ni kumkosea.

Na lile la kutoa vipande vichache vyenye namba na cheti, vikanunuliwa na kuwekwa kwenye kabati la kioo, hilo pia silikubali. Rudieni chombo kwa sababu kinapigika, mkiweke dukani kama vyombo vingine, kwa bei ya mtu anayeishi kwa kupiga.

Pia wasijidai wanarudia kila kitu. Ubao wa vidole wa zile za mwanzo ulikuwa wa mti wa Brazili ambao tangu 1992 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Mti ule ni wa jamii moja na mpingo wetu; wote ni Dalbergia. Mimi naishi katika mkoa wa mpingo. Nimeuona mpingo uliokatwa, mweusi kama usiku ndani, na wazee wananiambia mche wake hautakomaa mimi nikiwa hai. Kwa hiyo mtengenezaji akiniambia ametumia mti mwingine kwa sababu ule umekwisha, namheshimu zaidi. Sauti ya besi inatoka kwenye nyuzi, pikapu na vidole kabla haijatoka kwenye ubao mwembamba wa juu.

Kilichonifanya niandike barua ndefu hivi ni binti mmoja kwenye kwaya yetu. Ana miaka kumi na minne, vidole vifupi. Nilimwanzisha kwenye Precision yangu, ambayo shingo yake kule juu ina upana wa karibu milimita 44, akawa analia kimya kimya kwa maumivu ya kiganja. Mjomba wake akamletea kutoka Dubai Squier, jina la Fender la bei nafuu, iliyofuata umbo la Jazz za miaka ya 1960. Shingo ya Jazz pale juu ni milimita 38 hivi. Tofauti ya milimita sita tu, kaka, lakini mwezi wa pili mtoto alikuwa anapiga nyimbo zote za Kwaresima bila kutazama vidole. Vipimo hivyo vilichorwa mwaka 1960 huko California. Vingebaki kwenye makabati ya wakusanyaji, yeye asingevifikia maisha yake yote.

Kwa hiyo nina ombi. Pasaka ukija, njoo na ile ya 1966. Nataka tuziweke mbili kwenye amplifaya moja, yake na yako, nyuzi za aina moja, tumkalishe yeye apige zote mbili, na mimi na wewe tugeuke tuutazame ukuta. Nitakubali utakachosema ukishasikia. Lakini nataka aiguse yako pia. Aone pale vanishi ilipoishia, umsimulie ni mkono wa nani.

Nyuzi tafuta zile bapa, huku hazipatikani, nami nitakurudishia fedha. Na kwenye basi usiiweke kwenye buti chini. Shikilia mapajani, legeza nyuzi kidogo kabla hujaondoka, joto la njiani ni kali.

Wasalimie mama Zawadi na watoto.

Ni mimi nduguyo,
wa besi ya kwaya