Sikukaliwa, Nilipiga Hesabu ya Saa

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wako mmoja wa Nakuru aliandika kwamba mwanamume anayehama mji ili amfuate mkewe chuoni "amekaliwa", yaani ametawaliwa na mkewe. Niliisoma barua hiyo nikiwa nimeegesha gari Kisian, namsubiri mwenye duka afungue, nikacheka peke yangu. Ndugu zangu waliniambia neno lilo hilo miaka miwili iliyopita, tena wao waliongeza na chapati, ile inayosemekana mke huikalia kisha humlisha mumewe ili amtawale. Naomba nafasi nimjibu, si kwa ubaya. Yeye anauliza nani anamfuata nani. Sisi pia tulianzia hapo, na swali hilo lilitupotezea muhula mzima.

Mimi ni dereva wa gari la mkate. Kazi niliianzia Nakuru, na tulikuwa tukikaa Free Area. Kreti hupakiwa kuanzia saa tisa na nusu usiku, na ifikapo saa kumi na mbili asubuhi mkate uwe umefika kwa wenye vibanda, kwa sababu mtu wa chai ya asubuhi hangoji, hununua wa kampuni nyingine. Mke wangu alikuwa akifundisha watoto wadogo katika shule moja ya kibinafsi. C+ yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwaka 2012 ilikuwa imekaa miaka kumi ndani ya bahasha ya kaki kwa kukosa karo. Mwaka 2022 akapata nafasi ya kusomea ualimu Chuo Kikuu cha Maseno, miaka minne. Tulisherehekea siku moja. Siku ya pili tukaanza kubishana.

Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni kilomita 180 hivi, na Maseno iko mbele zaidi, kama kilomita 25 ukifuata barabara ya Busia. Shemeji yangu, mtu wa kupenda suluhu, alisema tukae Kericho kwa kuwa ni katikati. Hebu fikiria. Mimi nitoke Kericho usiku wa manane kwenda kupakia mkate Nakuru, yeye ashuke Kisumu aunganishe hadi Maseno, tukutane jioni tukiwa tumechelewa sote wawili na tumelipa nauli mbili.

Kwa hiyo mwanzoni kila mtu alikaa kwake. Mimi nilibaki na nyumba ya Sh9,000 Nakuru. Yeye alichangia chumba na msichana mwingine karibu na chuo, Sh2,500 kila mmoja. Binti yetu, aliyekuwa na miaka minne, tukampeleka kwa mama yangu Bunyore, maana mtoto huwezi kumwacha peke yake saa tisa usiku. Watu watatu, makao matatu, mitungi miwili ya gesi. Siku yangu ya mapumziko ni Jumapili tu, basi nilikuwa nikitoka Jumamosi mchana na kurudi Jumapili usiku. Nilikwenda mara sita muhula ule. Nauli ilikuwa Sh2,000 kwenda na kurudi, jumla Sh12,000, na nilichonunua kwa fedha hizo ni usiku sita. Anayeijua barabara ya Mau Summit hadi Salgaa usiku, malori yakiteremka, sina haja ya kumweleza. Jumatatu moja nilisinzia nikiwa kwenye usukani mjini Nakuru, gari limesimama, mguu kwenye breki. Honi za matatu ndizo zilizoniamsha. Nyuma nilikuwa na mikate mia sita. Siku hiyo niliogopa kweli.

Hapo ndipo mama yangu aliposema jambo ambalo kila mtu aliliona la busara. Boma letu liko Bunyore, ukishuka mji mdogo wa Luanda pikipiki inakufikisha mara moja, na Luanda na Maseno ni majirani. Mtoto tayari yuko pale. Kodi hakuna. Kwa nini mke wa mtu apange chumba wakati ana nyumba ya mumewe?

Mke wangu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliniambia polepole: "Jirani akifiwa Alhamisi, na mimi nina mtihani Ijumaa, nitakuwa wapi?"

Nilijua jibu. Angekuwa jikoni, na sufuria ya watu mia. Mama yangu ni mtu mwema, sina neno baya juu yake, na hata angemwambia "wewe soma tu, mwanangu", mke wa boma hawezi kufungua kitabu saa kumi jioni huku mama mkwe amekaa kwenye kigoda anachambua mrenda. Ataona haya. Wageni wakija, chai itapikwa na nani? Maji je? Mwanafunzi anayeishi nyumbani kwa wazazi wake huitwa mwanafunzi. Anayeishi kwa wakwe huitwa mke wa fulani anayekwenda shule. Wanaume wenzangu hatulioni hili kwa sababu sisi tukirudi bomani tunawekewa kiti. Mimi nilihitaji kuambiwa, na niliambiwa, na nikaona aibu kidogo kwamba nilikuwa nimeshaanza kumshukuru mama kwa simu.

Tukajaribu kutafuta nyumba ya familia karibu na chuo. Kila ploti niliyoingia ni bedsita zilizojengwa kwa ajili ya kijana mmoja asiye na mtu: kitanda cha futi tatu na nusu, sinki, dirisha dogo, basi. Kodi ni ya muhula mzima kwa mkupuo, pamoja na dipoziti. Kwenye ploti moja msimamizi alinionyesha chumba vizuri, akanisifia maji hayakatiki, kisha akaona picha ya mtoto kwenye simu yangu. "Mna mtoto? Hapa wanafunzi tu." Nikamwambia huyu mama wa mtoto ndiye mwanafunzi. Akaniangalia kama niliyemtegea fumbo.

Lakini hata wangetukubali, bedsita isingetufaa, na sababu yenyewe niliitambua likizo ya Desemba alipokuja Nakuru. Mimi ili niamke saa tisa lazima nilale saa mbili usiku. Yeye saa mbili ndiyo kwanza anafungua daftari, mtoto akishalala. Chumba kilikuwa kimoja, na taa ilikuwa moja. Nilikuwa nalala nimejifunika leso usoni kama maiti, naye anasomea mwanga wa simu ili asiniamshe, macho yanamwuma. Akigeuza ukurasa naamka. Nikikohoa anaacha kusoma. Usiku wa tano hivi nikagundua kwamba tumekuwa tukitafuta mji, kumbe tunachotafuta ni mlango. Mlango mmoja wa mbao kati ya anayelala na anayesoma.

Kuanzia hapo mazungumzo yakabadilika. Tuliandika nyuma ya kalenda saa za kila mtu, tukauliza: saa ipi haisogei? Darasa lake la mapema ni saa moja au saa mbili asubuhi, na kuanzia saa kumi na moja na nusu matatu za Luanda na Busia zinapita barabarani zikiita watu. Mimi saa tisa usiku hakuna matatu, na pikipiki ya saa hiyo ni ghali na si salama. Mkate hausogei. Kwa hiyo mimi ndiye wa kukaa karibu na kazi, yeye ndiye wa kusafiri, hata kama yeye ndiye sababu ya kuhama. Msomaji wako atashangaa kusikia hivyo. Nilimfuata mke wangu kilomita 180, kisha nikakaa mlangoni pa kazi yangu.

Kampuni yetu ina depo Kisumu. Niliomba uhamisho Januari 2023, nikaupata Agosti. Njia niliyopewa ina vibanda vichache kuliko ya Nakuru, na kamisheni yangu ilishuka kama Sh5,000 kwa mwezi. Tulipata nyumba Otonglo, vyumba viwili, Sh7,500, na mlango upo. Depo naifikia kwa baiskeli. Ukijumlisha kodi mbili za zamani, Sh11,500, utaona tumeokoa Sh4,000, kwa hiyo pengo ni kama elfu moja, na tunalifidia kwa kunywa chai ya rangi siku za mwisho wa mwezi. Nauli yake hadi Maseno ni Sh200 kwa siku, siku nne kwa wiki, karibu Sh13,000 kwa muhula. Ni fedha zile zile nilizokuwa nikizitupa njiani. Tofauti ni kwamba sasa yuko nyumbani kila jioni, na binti yetu yuko hapo hapo anatuuliza kwa nini ndege zinapita chini hivi. Uwanja wa ndege ni jirani yetu.

Sitaki nionekane nimepaka sukari. Kuna tulichopoteza. Wenzake hukutana usiku kujadili masomo kwenye hosteli, yeye husikiliza kwa simu huku anapiga pasi. Jumatano hubaki maktaba hadi jioni, na siku hiyo mimi ndiye ninayepika, na mtoto huzila. Wiki ya pili tu baada ya kuhamia, mtoto alipata malaria. Nakuru hatukuwa hata na neti. Kule tulikuwa na shida nyingine, maji yenye floridi yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, kwa hiyo tulikuwa tunanunua ya kunywa. Hapa tunanunua neti. Kila mahali pana chake.

Neno langu kwa wenye ploti karibu na vyuo, kama wanasoma ukurasa huu: wanafunzi wa leo si wale tu waliotoka sekondari jana. Wapo walimu waliorudi kusoma, wauguzi, akina mama wenye watoto wawili. Kati ya bedsita ishirini, jengeni hata mbili zenye ukuta katikati na mlango, na mkubali kodi ya mwezi kwa mwezi, kwa sababu mtu mwenye mshahara hulipwa kwa mwezi. Wapangaji hawa hawapigi muziki usiku, nawahakikishia. Mmoja wao huwa amelala saa mbili.

Na kwa msomaji mwenzangu wa Nakuru: nikikuuliza mkeo darasa lake la kwanza siku ya Jumanne ni saa ngapi, utajua? Mimi najua. Ratiba imebandikwa nyuma ya ule mlango, kando ya njia yangu ya mkate, na muhula ukibadilika tunakaa chini Jumapili na kalamu.

Tutakaa tena karibuni. Yuko mwaka wa tatu sasa, na Mei anaanza mazoezi ya kufundisha, miezi mitatu. Shule iliyokubali kumpokea iko Nakuru, hatua chache tu kutoka ile nyumba yetu ya zamani. Jana usiku alinipa habari hiyo akiwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, taa ya upande wake ikinimulika machoni. Nilimwuliza kengele ya kwanza inalia saa ngapi.

Dereva wa mkate,
Otonglo, Kisumu