Unene wa watoto msiusingizie ukoo tu

Mhariri, naomba kanafasi niseme hili la watoto kunenepa maana mtaani tunalijibu kirahisi mno. Ukimuuliza mama mbona mtoto wa darasa la tatu anahema akipanda ngazi anakwambia ah huyo kafuata ukoo wa baba yake, wale wote mabonge. Basi, kesi imeisha. Na bibi akija anasifia kabisa, mtoto ana afya huyu.

Sasa ukoo upo kweli, sikatai. Tangu 2007 wanasayansi wanaijua jeni (kile kichembe cha mwilini tunachorithi kwa wazazi) inaitwa FTO, mtu aliyerithi ile aina yake ya kunenepesha kwa baba na kwa mama pia, ukubwani anakuwa na wastani wa kilo 3 hivi zaidi ya ambaye hakuirithi kabisa, na inachochezea zaidi ni hamu ya kula, yaani mtoto hashibi mapema kama mwenzake, kwa hiyo mnaomcheka mkimwita tipwatipwa mlafi mnamwonea tu. Ila kilo 3 jamani, siyo 20! (Kuna wachache sana wenye hitilafu ya jeni moja wananenepa vibaya tangu wachanga, hao ni wa hospitali, siwasemi hapa.)

Na jeni zetu ndizo zile zile za kina babu, kilichobadilika ni ratiba. Mtoto wa Dar wa inglishi midiamu basi la shule linampitia saa kumi na moja alfajiri bado anasinzia, kwenye begi keki na juisi ya boksi, mchana wali maharage hapo sina neno, jioni anashushwa kituoni pembeni kuna chipsi, akifika ndani soda, na ile kola ya nusu lita ina sukari gramu 50 na ushee, vijiko vya chai kama 12 hivi, afu homuweki afu katuni kwenye simu mpaka saa nne usiku. Jumamosi tuisheni. Acheze saa ngapi? WHO, wale wa Shirika la Afya Duniani, wanataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate walau dakika 60 kila siku za kuchangamsha mwili, wa kwetu dakika zake zinaishia foleni ya Ubungo. Usingizi mchache nao unachangia unene, hilo watu hawalijui.

Halafu mtoto harithi damu tu, anarithi na sufuria la nyumbani. Baba bonge, mama bonge, wali wa mafuta kila siku, utajuaje kipi ni ukoo kipi ni jiko?

UNICEF mwaka 2025 walisema duniani watoto wa umri wa shule wenye unene uliopitiliza wameshawazidi wenye uzito pungufu, Afrika kusini mwa Sahara bado hatujafika huko. Lakini tunakimbilia. Shule moja jirani na kwetu uwanja wameujengea madarasa, mapumziko watoto wamesimama koridoni wanakula biskuti, na ada imepanda. Wanaosajili hizi shule huwa wanaulizia uwanja kweli?

Mzazi, Tabata, Dar es Salaam